Dickens kwa Mara ya Kwanza: Uanze na Kipi Kati ya Hivi Vinne?

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri matokeo, na juzi kaniuliza swali ambalo si mara ya kwanza kuulizwa: "Mjomba, huyo Charles Dickens mnayemsifu, nianze na kitabu gani?" Nilitaka kumtajia kimoja pale pale, nikajizuia. Mimi mwenyewe katika umri wake nilianza na David Copperfield kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa kwenye rafu ya maktaba ya shule. Nilikirudisha kabla ya kufika robo, na miaka saba ikapita sijamgusa tena mwandishi huyo. Kitabu hakikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyepanda basi lisilo langu.

Kwa hiyo badala ya kumpa jibu moja, nimeviweka vitabu vinne kwenye mizani: Oliver Twist, David Copperfield, A Tale of Two Cities na Great Expectations. Dickens aliandika riwaya 14 kamili na ya 15 kifo kikamkatiza katikati, lakini hivi vinne ndivyo ambavyo watu wengi wa kwetu hukutana navyo, ama shuleni katika matoleo yaliyofupishwa, ama kwenye filamu. Vyote vinne ni bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, kwa hiyo bei haimo katika hesabu yetu.

Nitavipima kwa mambo matano: urefu na mwendo wake, ugumu wa Kiingereza chake, utoto wa Dickens umejitokeza vipi ndani yake, watu utakaobaki nao kichwani, na dosari. Hilo la utoto huenda likakushangaza kuliona kwenye orodha. Kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, na ili uelewe sababu, nipe aya tatu.

Kikopo cha dawa ya viatu

Dickens alizaliwa Portsmouth, Uingereza, tarehe 7 Februari 1812. Baba yake, John, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini: mtu wa maneno matamu, mkono wazi, na madeni kila kona. Februari 1824 alikamatwa kwa deni la mwoka mikate, pauni 40 na shilingi 10, akatiwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea, upande wa kusini wa mto Thames jijini London. Siku chache kabla ya hapo, Charles, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 12, alikuwa amepelekwa kufanya kazi katika ghala la Warren, jengo bovu lenye panya kando ya mto, lililotengeneza dawa ya viatu. Kazi yake ilikuwa kufunika mdomo wa kila kikopo kwa karatasi ya mafuta, juu yake karatasi ya buluu, azungushe uzi, akate ncha za karatasi zikae sawa, kisha abandike lebo. Kikopo baada ya kikopo. Ujira ulikuwa shilingi 6 kwa juma.

Pale kazini kulikuwa na kijana aitwaye Bob Fagin, ndiye aliyemwonyesha namna ya kufunga fundo la uzi. Siku moja Charles alishikwa na maumivu ya ubavu, na Bob akashinda akijaza maji ya moto kwenye chupa tupu za dawa ya viatu na kumkanda. Jioni Bob akang'ang'ania kumsindikiza nyumbani. Nyumbani! Wazazi wapo gerezani, na mtoto hataki mtu ajue. Charles akamzungusha mitaani, akafika kwenye nyumba asiyoijua karibu na daraja la Southwark, akamshika mkono, akamwambia ndiyo hapa. Na kwa kuwa Bob angeweza kugeuka kutazama, alibisha hodi. Mwanamke alipofungua, Charles akamuuliza kama hapo ni kwa Bwana Robert Fagin.

Baba alitoka gerezani baada ya kama miezi mitatu. Mama alitaka mtoto aendelee na kazi, na Dickens aliandika kwamba jambo hilo hakulisahau na hatalisahau. Watoto wake hakuwaambia lolote. Alimwandikia rafiki yake John Forster, na dunia ikasoma habari hizo baada ya Dickens kufa. Sasa ukiujua mkasa huu, unaweza kuvisoma vitabu hivi vinne kama majibu manne ya mtu mmoja kwa aibu ileile.

Urefu na mwendo

David Copperfield ndiyo gunia. Sura 64, maneno kama 350,000. Matoleo mengi hupita kurasa 800. Oliver Twist ina sura 53 na Great Expectations 59, lakini kila kimoja ni kama nusu ya David au chini ya hapo. A Tale of Two Cities ndicho chepesi mkononi: sura 45, maneno yapata 135,000.

Lakini usitazame unene peke yake. Riwaya hizi zilitoka vipande vipande, mtindo ambao wasomaji wa magazeti yetu ya Kiswahili wanaufahamu vizuri: unafika pazuri, unakuta "itaendelea". Oliver ilitoka kila mwezi kwenye jarida kuanzia Februari 1837, David kila mwezi kuanzia Mei 1849 hadi Novemba 1850. Mwandishi wa kila mwezi ana nafasi ya kutembea, kusalimia majirani, kukaa kibarazani. Ndivyo David inavyokwenda. A Tale of Two Cities (1859) na Great Expectations (Desemba 1860 hadi Agosti 1861) zilitoka kila wiki katika jarida la Dickens mwenyewe, All the Year Round, kwa hiyo sura ni fupi na karibu kila moja inakuacha ukining'inia. Great Expectations hata haikupangwa hivyo. Riwaya ya mtu mwingine iliyokuwa ikiendelea jaridani ilikuwa inapoteza wanunuzi, Dickens akaingiza yake haraka ili kuokoa mauzo. Haraka hiyo ilikisaidia kitabu. Hakina mafuta ya ziada.

Kiingereza chake

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, na tusione aibu kusema.

Rahisi kuingia ni Great Expectations na David, kwa sababu msimulizi ni "mimi", mtu mzima anayekumbuka utoto wake, na macho ya mtoto hayahitaji maneno makubwa. Ugumu wake ni lafudhi: Joe, mhunzi wa kijijini katika Great Expectations, anaongea Kiingereza cha kwao, na wavuvi wa Yarmouth katika David vivyo hivyo. Dawa ni kusoma mazungumzo yao kwa sauti. Sikio litaelewa kabla ya jicho. (Kuna barua ambayo Pip mdogo, ndiye msimulizi wa Great Expectations, anamwandikia Joe akiwa ndiyo anajifunza kuandika, tahajia yake utadhani ujumbe wa kijana wa leo aliyebanwa na salio.)

Oliver ni ngumu kwa namna nyingine. Dickens alikuwa na miaka 25 tu, amejaa hasira, na hasira yake imevaa kejeli. Anasema kinyume cha anachomaanisha, kwa sentensi ndefu zenye adabu ya uongo. Usipoikamata kejeli, utadhani anawasifu wakubwa wa nyumba ya maskini anamokulia Oliver. A Tale of Two Cities inafungua kwa sentensi moja ndefu mno, mojawapo ya zinazonukuliwa kupita zote katika fasihi ya Kiingereza, na sura tano sita za mwanzo zina ukungu. Anayevumilia hadi kwenye duka la mvinyo la mama Defarge huko Paris, aghalabu hamalizi wiki kabla hajamaliza kitabu.

Aibu ile katika vitabu vinne

Oliver ni kilio cha mtoto mwenye njaa. Sheria mpya ya maskini ya mwaka 1834 ilikuwa imewalazimisha wanaotaka msaada waingie kwenye nyumba za maskini, na maisha humo yalifanywa magumu makusudi ili watu waogope kuomba. Wavulana wa kitabuni wanapewa uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki, na nusu mkate mdogo Jumapili. Bakuli haziwahi kuoshwa, kwa kuwa zinalambwa na kukwanguliwa kwa kijiko mpaka zing'ae. Wanapiga kura nani aende kuomba nyongeza. Kura inamwangukia Oliver. Anakwenda na bakuli lake, anaomba kwa heshima, na msimamizi anamjibu kwa kumtandika upawa kichwani. Na yule mzee anayewafunza watoto wizi wa mifukoni, Dickens alimpa jina la Fagin. Mtu aliyemkanda ubavu akalipwa hivyo! Sijapata kulielewa vizuri jambo hili, nami huwa narudi kulifikiria.

David ni ungamo. Dickens alichukua maandishi yaleyale ya siri aliyompa Forster, akabadilisha dawa ya viatu ikawa mvinyo, miaka 12 ikawa 10, akamtia mtoto David kwenye ghala la kuosha chupa na kubandika lebo. Baba yake naye yumo, kwa jina la Micawber, mdaiwa mchangamfu anayemfundisha David hesabu ambayo kila mwenye mshahara anaijua: ukipata pauni 20 kwa mwaka ukatumia pauni 19, shilingi 19 na peni 6, umefurahi, ukitumia pauni 20 na peni 6, umekwisha. Kwenye utangulizi wa miaka ya baadaye Dickens alikiri kwamba miongoni mwa watoto wake wote wa kalamu, huyu ndiye kipenzi. Herufi za mwanzo za jina la David ni zake mwenyewe zikiwa zimegeuzwa.

A Tale of Two Cities, ukiitazama harakaharaka, haina uhusiano wowote na ghala la Warren. Ni hadithi ya Mapinduzi ya Ufaransa, aliyoijenga kwa kuegemea kitabu cha historia cha Thomas Carlyle kuhusu mapinduzi hayo. Lakini tazama. Dk. Manette amefungwa Bastille, gereza la Paris, miaka 18 bila kesi. Anapotolewa, akili imebaki ndani: ameinama kwenye kibao cha fundi viatu, anashona kiatu, na akiulizwa jina anajibu namba ya chumba chake na mnara wake, mia moja na tano, Mnara wa Kaskazini. Miaka baadaye, kila anapopatwa na mshtuko, anarudi kwenye kibao kile. Baba gerezani, viatu, mtu anayejiona hajatoka. Hakuna anayenilazimisha kuyaona haya, ila nikishayaona siwezi kuacha kuyaona.

Great Expectations ndiyo yenye ujasiri kuliko zote, maana humo Dickens amegeuza kidole kikamwelekea yeye. Kabla ya kuianza alisoma upya David Copperfield ili asije akajirudia bila kujijua. Pip ni yatima analelewa na dada yake na Joe, shemeji mhunzi, kwenye vinamasi vya Kent. Mfadhili wa siri anampa fedha awe muungwana London, na kosa lake ni kuwaonea haya watu waliompenda. Soma ile sura Joe anapomtembelea Pip mjini. Kavaa nguo zake za kanisani zinazombana. Anamwita Pip mara Pip, mara "bwana". Kofia yake anaiweka ukingoni mwa rafu iliyo juu ya meko, inaanguka. Anaidaka, anairudisha palepale, inaanguka tena, na chai inaendelea. Pip anakereka. Anayeandika, ambaye ni Pip yuleyule aliyezeeka, anajua alichokuwa anakikanyaga. Aliyewahi kutembelewa na ndugu wa kijijini mbele ya marafiki zake wa chuo, akatazama viatu vya mgeni kabla ya kutazama uso wake, hatahitaji kamusi kwenye kurasa hizo.

Watu utakaobaki nao

Oliver mwenyewe ni mchuzi usio na chumvi. Wanaoshika kitabu ni Fagin, yule kijana kibaka Artful Dodger, na Nancy. Dickens alipozeeka alikuwa akisoma kifo cha Nancy jukwaani kwa nguvu hadi madaktari wakamtahadharisha. David ina kundi kubwa zaidi: Micawber, Uriah Heep wa mikono yenye unyevu anayejidhalilisha kila sentensi, na shangazi Betsey Trotwood anayefukuza punda kwenye majani ya mbele ya nyumba. Kwa kicheko, hakuna kinachoigusa David.

A Tale ina watu wachache, na nusu yao ni wembamba. Ila mama Defarge, anayefuma huku akihifadhi kwenye mafumo yake majina ya watakaokufa, atakusumbua usingizini, na Sydney Carton, wakili mlevi aliyejikatia tamaa, nakuachia umgundue mwenyewe.

Great Expectations ina Miss Havisham. Chumba kimefungwa madirisha, mishumaa inawaka mchana. Gauni la harusi lilikuwa jeupe, sasa njano. Kiatu kimoja mguuni, cha pili mezani, kwa sababu alikuwa katikati ya kuvaa barua ilipofika kumwambia bwana harusi haji. Saa zote za nyumba zimesimamishwa pale pale, saa tatu kasoro dakika ishirini, na kwenye meza ndefu keki ya harusi inaoza huku buibui wakiingia na kutoka.

Dosari zake

Oliver ina doa ambalo msomaji lazima aambiwe mapema: Fagin anaitwa "Myahudi" ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba dini yake ndiyo uhalifu. Mwaka 1863 mwanamke Myahudi, Eliza Davis, alimwandikia Dickens kumlalamikia. Mwanzoni alijitetea, lakini toleo la 1867 akayaondoa mengi ya maneno hayo. Nyongeza ya hilo, Oliver aliyekulia kwenye nyumba ya maskini anaongea Kiingereza safi kama mtoto wa hakimu.

David inachoka katikati, na wanawake wake wawili wakuu, Dora na Agnes, mmoja ni mdoli na wa pili malaika. A Tale inakosa ucheshi, na Lucie, binti wa Dk. Manette, kazi yake kubwa ni kupendwa na kuzirai. Great Expectations inategemea sadfa nyingi mno. Watu wasiopaswa kujuana wanakuja kuwa ndugu. Pia mwisho wake umebadilishwa: rafiki yake Edward Bulwer-Lytton alimshauri asiuache wa huzuni, naye akakubali. Matoleo mengi huchapisha miisho yote miwili. Mimi nauona wa kwanza kuwa wa kweli zaidi, na najua wanaonipinga ni wengi.

Na moja la kumwambia msomaji wa Kiafrika bila kulizunguka: huruma ya Dickens ilikuwa na mipaka ya rangi. Mwaka 1853 aliandika makala ya kuwadhihaki Wazulu walioletwa London kuonyeshwa jukwaani, makala ambayo leo inatia kichefuchefu. Haimo katika vitabu hivi vinne, lakini ni ya mkono uleule ulioandika bakuli la uji.

Kinachomfaa nani

Kama muda wako ni wa daladala na foleni, dakika 20 asubuhi na 20 jioni, chukua Great Expectations. Sura zake zinaenea kwenye safari, na ukikatizwa hupotei. Kinamfaa pia aliyetoka kijijini akapanda, awe na amani na jambo hilo au asiwe nayo.

Kama una likizo ndefu, au ni mtu wa tamthilia za vipindi 100 anayetaka kuishi na watu mpaka wawe jirani zake, David Copperfield. Usikisome kwa kukimbia. Sura mbili kwa siku, mwezi na kidogo umemaliza. Asiye na subira na aje baadaye, asifanye nilichofanya mimi.

Kama unapenda historia, njama, mahakama na mwisho unaokuacha umekaa kimya kitandani, A Tale of Two Cities. Ujuzi kidogo wa Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 utakusaidia kupenya ukungu wa mwanzo. Lakini anayekuja kwa Dickens kutafuta kicheko atajiuliza sifa zote zile zilitoka wapi.

Oliver Twist ni cha mwalimu, mwanaharakati, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, au yeyote ambaye siasa ya chakula cha maskini inamchoma. Kinafaa pia kwa anayetaka kuandika, aone kijana wa miaka 25 anavyoitumia kejeli kama panga. Ukikisoma na watoto, zungumzeni kuhusu Fagin kwanza.

Na kama Kiingereza chako bado kinachechemea, kitabu chochote kati ya vinne kisikilize kwanza. LibriVox wana sauti za bure. Fungua maandishi kwenye simu, sauti masikioni, twende.

Mpwa wangu nilimtumia maneno haya kabla sijayamaliza. Nilidhani atachukua Great Expectations. Kachukua A Tale of Two Cities, eti yeye ni wa HGL (mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiingereza) na Bastille aliisoma mpaka ikamtoka puani. Jana saa nne usiku simu ikalia, ujumbe mmoja: "Mjomba, mbona huyu mzee akiulizwa jina anataja namba?"